Dakika ya Kwanza: Moyo Unaposimama, Pumzi Inapokosekana

Chukulia kwamba mtu mzima ameanguka ghafla sokoni Mlandege, mjini Iringa. Akiitwa haitiki. Hapumui, isipokuwa anakoroma mara moja moja kama mtu anayetapatapa. Watu humzunguka: mmoja humpepea kwa khanga, mwingine hummwagia maji, wa tatu hukimbilia gari la kumpeleka hospitali ya mkoa. Hospitali hiyo imo mjini humo humo, lakini chembe za ubongo haziwezi kungojea hata safari fupi kama hiyo. Damu ikiacha kuzunguka, ubongo huanza kudhurika baada ya dakika 4 hadi 6 hivi.

Yafaa itofautishwe hali hii na ile ya mshipa wa moyo kuziba. Mtu ambaye mshipa wake umeziba huweza kuwa macho, akilalamika maumivu ya kifua. Moyo wake ungali unapiga. Moyo uliosimama hausukumi damu kabisa. Kwa watu wazima, mara nyingi chanzo huwa ni hitilafu ya umeme unaoongoza misuli ya moyo: misuli hutetemeka ovyo badala ya kukaza na kulegea kwa pamoja. Dawa yake ni mshituko wa umeme kutoka katika mashine maalumu. Kila dakika ipitayo pasipo mashine hiyo wala msaada wa mikono, tumaini la kuokoka hupungua kwa asilimia 7 hadi 10.

Namna ya msaada wa mikono iligunduliwa karibu kwa bahati, na aliyeongoza utafiti huo hakuwa daktari bali mhandisi wa umeme. William Kouwenhoven na wenzake, James Jude na Guy Knickerbocker, walikuwa wakifanya majaribio ya mashine za kushitua moyo katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani. Knickerbocker aliona kwamba vibao vizito vya mashine, vilipokandamizwa juu ya kifua cha mbwa ambaye moyo wake umesimama, vilipandisha msukumo wa damu hata kabla umeme haujapitishwa. Mwaka 1960 watafiti hao walitangaza habari za wagonjwa 20 waliobonyezwa kifua kwa mikono mitupu. 14 kati yao walipona. Idadi hiyo ni ndogo, na wagonjwa hao walikuwa hospitalini. Nje ya hospitali matokeo huwa mabaya zaidi, hata katika nchi tajiri.

Kwa mtoto anayezaliwa, mambo huenda kinyume. Moyo wake kwa kawaida ni mzima. Kinachokosekana ni hewa. Kabla ya kuzaliwa mapafu yake yamejaa maji, na oksijeni humfikia kwa njia ya kondo la nyuma. Akitoka, pumzi chache za kwanza hazina budi kuyasukuma maji hayo na kuyajaza mapafu hewa. Zisipokuja, moyo hupunguza mwendo polepole, na mwishowe husimama kwa njaa ya oksijeni. Hivyo mtoto huyu hahitaji kwanza umeme. Ahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na ikiwa bado hapumui, kupulizwa hewa kwa kinyago na mfuko wa mpira kabla dakika moja haijaisha.

Katika uwanja huu Tanzania si mwanafunzi tu. Ni mwalimu pia. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, watazamaji waliofundishwa waliwekwa katika chumba cha kujifungulia, saa mkononi, wakiandika kila hatua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihusu watoto 5,845. Asilimia 84 walianza kupumua wenyewe, na takriban asilimia 7 walihitaji kupulizwa hewa. Kila sekunde 30 za kuchelewa kupuliza ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu.

Wakati huo huo, tangu mwaka 2009, Wizara ya Afya ilikuwa ikiwafundisha wakunga wa hospitali 8 nchini kazi hiyo kwa kutumia mwanasesere. Taarifa ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Dakta Georgina Msemo, ilionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000. Hata idadi ya waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu ilipungua, kwa asilimia 24. Jambo hili la mwisho ni zito. Baadhi ya watoto waliokuwa wakifunikwa kitambaa na kuwekwa kando yaelekea walikuwa na moyo unaopiga bado.

Hata hivyo watafiti wa Haydom waligundua jambo lisilofurahisha. Baada ya kozi ya siku moja wakunga walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini miezi kadhaa baadaye matendo yao mbele ya watoto halisi hayakuwa yamebadilika. Badala ya kulaumu wakunga, hospitali ilibadili mafunzo: mwanasesere akawekwa karibu na kazi, na mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 yakafanywa kila wiki. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya mpango mpana zaidi uliojengwa juu ya fikra hiyo, katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Humo vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40.

Kupuliza hewa kwa mtoto mchanga ni kazi ya mkunga. Kubonyeza kifua cha mtu mzima aliyeanguka sokoni ni kazi ya yeyote aliye karibu, na darasa la sekondari laweza kuizoea kwa gunia dogo lililojazwa nguo kuukuu likabana, pamoja na saa yenye mshale wa sekunde. Viganja hupachikwa kimoja juu ya kingine, mikono ikinyooka, katikati ya mahali ambapo pangekuwa kifua. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kina ni sentimeta 5 hadi 6, na gunia huachwa lirudi juu kabla ya kubonyezwa tena. Mwanafunzi mwingine ahesabu kwa sauti. Baada ya dakika 2 wabadilishane, kwani mbonyezaji huchoka na kina hupungua hata kabla mwenyewe hajahisi. Kifua cha mwenzao mwenye afya kisitumiwe kamwe kwa zoezi hili.