Je, Nyumba ya Mama Si Miundombinu?

Julai mwaka 2007 nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nikiandika tasnifu katika chumba cha kupanga, ghorofa ya nne, hapa Dagoretti Corner. Jioni moja kikombe cha chai kilianza kusogea chenyewe juu ya meza. Jirani yangu alitoka mbio akiwa na taulo kiunoni, na wapangaji wote tukakutana uani tukitazamana. Matetemeko yale, yaliyoendelea kwa siku kadhaa, yalitoka upande wa Gelai na Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania; lile la tarehe 17 lilifikia ukubwa wa 5.9. Mjini wafanyakazi walimiminika barabarani kutoka maofisini. Baada ya majuma machache tulikuwa tumekwisha kusahau. Mimi nililipa kodi ya mwezi, nikarudi kwenye ngeli zangu za nomino.

Lugha zetu hazikosi neno la tukio hili. Watu wa pwani walilipokea neno zilizala kutoka Kiarabu. Waganda husema musisi, na wapo watu waitwao jina hilo kwa kuwa walizaliwa ardhi ikitikisika. Wakikuyu, wenyeji wa Dagoretti hii, wana gĩthingithia. Linalonisumbua mimi ni neno jingine, ambalo huanza kusikika vumbi likishatua: miundombinu.

Msomaji atakumbuka yaliyotokea Kagera. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilizuka huko na kuitikisa Bukoba na wilaya jirani. Watu wasiopungua 17 waliaga dunia na zaidi ya 250 wakajeruhiwa. Zaidi ya nyumba 2,000 zilianguka, na maelfu ya nyingine zikapasuka kuta. Nyingi zilikuwa za matofali yaliyoshikiliwa kwa udongo, bila ule mkanda wa zege juu ya madirisha ambao mafundi wa Tanzania huuita lenta. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa kwa muda.

Michango ilitolewa, ndani na nje ya nchi. Mwanzoni mwa Januari 2017, Rais John Magufuli alipozuru Bukoba, alieleza bila kuficha kwamba serikali haitamjengea mtu binafsi nyumba. Fedha zitakarabati miundombinu ya umma: shule, hospitali, barabara. Na kwa kweli Ihungo ilijengwa upya, kwa msaada mkubwa wa Uingereza, ikazinduliwa Januari 2021. Baadhi ya kaya zilipata mahema, mabati na saruji. Waliobaki walijitafutia.

Sitaki kuonekana kama mtu asiyejua hesabu. Shule moja huhudumia mamia ya watoto, na hakuna hazina Afrika Mashariki inayoweza kujenga maelfu ya nyumba kwa mkupuo. Lakini nina mwenzangu, mwalimu wa fonolojia, mzaliwa wa Bukoba, aliyenisimulia habari ya nyumba ya mama yake. Ilikuwa na vyumba vitano. Viwili alivipangisha: kimoja kwa mwalimu wa shule ya msingi, kingine kwa muuguzi wa zahanati ya jirani. Kodi hiyo ndiyo iliyomsomesha mwenzangu. Nyumba ilipoanguka, mama alihamia jikoni, akalala humo misimu miwili ya mvua. Zahanati ilizibwa nyufa, ikapakwa rangi. Muuguzi, kwa kukosa pa kulala, aliomba uhamisho. Jengo lilikuwapo, dawa zilikuwapo, na wagonjwa walirudishwa nyumbani.

Basi nauliza, kama mwanaisimu: miundombinu ya mji ule ilikuwa wapi? Neno lenyewe ni la kuundwa. Litazame umbo lake, utaona muundo na mbinu vimefungwa pamoja. Hakuna ndani yake kinachotaja serikali. Wala hakuna kinachoitoa nje nyumba ya mama. Tafsiri hiyo tumeiongeza sisi, na sasa kwa neno moja mtu anawekwa ndani ya bajeti au nje yake.

Nayasema haya kwa kuwa siku mbingu ikitakata naviona vilima vya Ngong kutoka kwangu, na nyuma ya vilima hivyo ardhi inashuka ghafla kuingia Bonde la Ufa. Ni bonde hilo lililopasuka Subukia tarehe 6 Januari 1928, kwa tetemeko la 6.9, ufa ukaonekana juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 30. Watu walikuwa wachache huko wakati huo. Leo Subukia ina watu, na Nairobi imepanda juu orofa kwa orofa. Mwongozo wa serikali kuhusu majengo na matetemeko umekuwapo tangu 1973, lakini sisi huanguka hata bila kutikiswa. Huruma, tarehe 29 Aprili 2016, miezi minne tu kabla ya Bukoba, mvua ilitosha kuliangusha jengo la orofa kadhaa na kuwaua watu wasiopungua 50.

Bukoba mama alikuwa na kiwanja chake, akaanza upya tofali kwa tofali. Mpangaji wa Dagoretti Corner hana hata kiwanja. Bomba la maji litaunganishwa, Ngong Road itatiwa lami, kwa sababu hayo tumekubali kuyaita miundombinu. Yeye atasimama wapi?

Kando ya ninapoishi kuna jengo linalopanda. Juma lililopita nilimsalimu fundi, nikamuuliza kama kuna injinia anayekuja kukagua nguzo.

"Mwalimu," akanijibu, "injinia tulimwona siku ya kumwaga msingi."

Jengo sasa lina orofa sita, na wapangaji wa chini wamekwisha kuhamia.