Matairi ya Mvua na ya Kiangazi kwa Wenye Magari wa Eldoret

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya mwenye gari aghalabu huwa na matairi ya namna mbili nyumbani kwake, mengine ya majira ya joto na mengine ya theluji, na mwaka unapogeuka huyabadilisha kama mtu abadilishavyo koti. Nchini Finland tairi la theluji lilianza kutengenezwa mwaka 1934, na huko Ujerumani, tangu mwaka 2010, sheria humkataza mtu kuendesha gari juu ya theluji au barafu bila matairi yanayofaa. Eldoret haina theluji. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba tairi ni tairi, bora liwe jeusi, la mviringo, tena la bei nafuu.

Mawazo hayo yamewapotezea wengi maziwa yao, na wengine maisha yao. Mji huu umejengwa kwenye uwanda wa juu, kama mita 2,100 juu ya bahari. Mvua zake huanza mwishoni mwa Machi na kuendelea, kwa vipindi vya kupumzika, mpaka Septemba. Kisha Desemba mpaka Februari nchi hukauka na vumbi kutanda. Barabara iliyokuwa ngumu kama sakafu mwezi wa Januari huwa kama sabuni mwezi wa Mei. Tena mtu mmoja aweza kukutana na majira yote mawili kwa siku moja: asubuhi atoke shambani Moiben au Ziwa katika tope, saa tatu awe juu ya lami mjini, na alasiri ateremke bonde la Kerio kwenye joto kali.

Tatizo la tope halikuanza jana. Makaburu waliopanda kutoka Nakuru mwaka 1908, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walikuja na magari ya kukokotwa na maksai, na magurudumu yao ya mbao yalizama kwelikweli. Mji ulipoanza katika shamba namba 64, ndilo jina ambalo wenyeji walilitamka Sisibo, mizigo iliendelea kufika kwa njia hiyo ya taabu mpaka reli ilipoingia mwaka 1924. Hata magari ya moto yenye nguvu hayakulishinda tope la Kenya kwa urahisi. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua zinapoanza. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, katika mengi yaliyoanza.

Yafaa kwanza kueleza kazi ya ile mifereji iliyochongwa kwenye uso wa tairi. Juu ya lami kavu mifereji hiyo haina kazi kubwa. Magari ya mashindano ya uwanjani hutumia matairi yasiyo na mfereji hata mmoja, nayo hushika barabara vizuri sana. Kazi yake ni maji. Gari linapokimbia juu ya lami yenye maji, maji hayo hayana budi kupata njia ya kutoka chini ya tairi, na njia hiyo ni mifereji. Yasipopata njia, tairi hupanda juu ya maji kama mtumbwi, na hapo usukani na breki havina maana tena. Wataalamu wa NASA ya Marekani waliolichunguza jambo hili katika miaka ya 1960 waligundua kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea upepo uliomo ndani yake. Kwa hesabu yao, penye maji mengi, tairi lenye upepo wa ratili 36 laweza kuelea mwendo ukifika kilomita 100 kwa saa, na lenye ratili 25 huelea kwenye kilomita 83 hivi. Basi mtu asiyepima upepo hujipunguzia usalama bila kujua, na gharama ya kupima ni dakika tano.

Tairi jipya la gari dogo lina mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji hiyo mna vinundu vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukilika mpaka ukawa sawa na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na huo ndio mwisho unaoruhusiwa na sheria za Uingereza na nchi nyingi za Ulaya. Lakini mwisho wa sheria si mwisho wa busara. Kwa mtu wa Eldoret anayetazamia miezi sita ya mvua, tairi lililobakiwa na milimita 3 mwezi wa Machi limekwisha kazi. Laweza kumaliza kiangazi, si masika.

Kwenye barabara za udongo mambo ni mengine. Murram nyekundu iliyoshindiliwa vizuri huwa na utelezi juu tu, na chini yake ni ngumu. Hapo tairi jembamba hupenya ule utelezi na kukanyaga pagumu, kumbe tairi pana alilolinunua kijana kwa ajili ya urembo huelea juu yake. Udongo mweusi wa mabondeni ni adui wa namna nyingine, maana hauna pagumu pa kukanyagwa, nao hunata. Tairi la kawaida la mjini hujaa udongo huo katika mzunguko wa kwanza, na tangu hapo huwa kipara hata kama lilinunuliwa jana. Tairi la tope, lenye vipande vikubwa vya mpira vilivyoachana, hutupa udongo nje kila linapozunguka, na ndiyo sababu pikapu ya kuchukua maziwa katika njia za udongo mweusi haiwezi kufanya kazi bila hilo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiliona tairi la tope lilivyo na nguvu, hudhani kwamba litakuwa na nguvu kila mahali. Sivyo. Kwa kuwa vipande vyake vimeachana, mpira unaogusa lami ni kidogo, na penye lami iliyolowa gari huchukua nafasi kubwa zaidi kusimama. Tena hupiga kelele, hula mafuta, na lenyewe hulika upesi. Karani anayekaa pembeni mwa mji, akaenda kazini kwa lami siku tano za juma na shambani siku moja, hana haja nalo. Atajiletea hatari siku tano ili apate raha siku moja. Mtu wa namna hiyo afadhali achague tairi la kati, lililotengenezwa kwa barabara za lami na za udongo pamoja, na siku mvua ikizidi aliache gari penye lami aende kwa miguu. Mwenye kuchagua ahesabu kilomita zake za mwezi, aone nyingi zaidi ni za barabara gani, kisha anunue kwa ajili ya hizo.

Magari mengi yaliyotumika hufika Kenya kutoka Japani, na baadhi yake huja na matairi ya theluji ya huko. Japani ilitunga sheria mwaka 1990 ya kuzuia matairi yenye misumari, na mahali pake yakaenea matairi ya mpira laini sana wenye mikato midogo mingi. Ubavuni huandikwa STUDLESS. Mnunuzi huyaona mapya, yenye mifereji mirefu, akafurahi. Lakini mpira ule ulitengenezwa kwa baridi ya barafu. Juu ya lami yenye joto hulegea, gari huyumba kwenye kona, na tairi huisha kwa muda mfupi.

Joto lina hatari zaidi kwa wanaoteremka. Barabara ya kutoka Iten kupitia Tambach kwenda bonde la Kerio hushuka zaidi ya mita 1,000 kwa kona nyingi, na chini kule ni joto mno kuliko Eldoret. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika ubavu kila linapozunguka, na kukunjika huko huzaa joto ndani ya mpira. Ukiongeza mzigo na jua la Januari, tairi hupasuka. Madereva wengine, wakiona tairi limekuwa gumu kwa joto, hulipunguza upepo njiani. Hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa upepo ukipungua tairi hukunjika zaidi na joto huongezeka. Upepo hupimwa asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa gari kwenye nguzo ya mlango.

Na mzigo? Msimu wa mavuno ukifika, gari dogo la familia hugeuzwa lori. Kila tairi lina namba ubavuni inayoonyesha uzito linaoweza kubeba: 82 maana yake kilo 475, na 91 maana yake kilo 615. Tuseme gari lina matairi ya 82, na sehemu yake ya nyuma ina uzito wa kilo 450 likiwa tupu. Matairi mawili ya nyuma yanaweza kubeba kilo 950. Magunia manane ya mahindi, kila moja kilo 90, ni kilo 720. Mwenye gari amezidisha kilo zaidi ya 200 kabla hajaketi yeye na mkewe.

Dukani, mnunuzi asiridhike na weusi wa tairi, kwa maana weusi hupakwa. Aangalie tarakimu nne zilizo mwisho wa maandishi ya DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani bila kutumiwa, na watengenezaji wengi hushauri tairi litupwe likifikisha miaka 10, liwe limelika au halikulika.

Fedha zikitosha matairi mawili tu, madereva wengi huyatia mbele. Watengenezaji hushauri yatiwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Sababu ni kwamba tairi la mbele likiteleza penye maji, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, naye akiachia mafuta taratibu gari hurudi. Lakini la nyuma likiteleza, mkia wa gari hugeuka ghafula, na mara nyingi dereva hana muda wa kufanya lolote.