Picha ya CT ya Kichwa Husomwa kwa Mpangilio: Maelezo kwa Ndugu wa Mwazye na Ufipa Yote

Kila mtu wa kwetu anayeishi ughaibuni, mwenye ndugu Mwazye, Matai, Laela au Sumbawanga mjini, anaijua meseji ya namna hii: filamu ya CT-Scan imepigwa picha kwa simu ikiwa imeshikwa dirishani, na chini yake maneno machache, "Tuangalizie huko, wamesema kuna damu kichwani." Mimi nafanya kazi ya mionzi Uingereza, kwa hiyo meseji hizo hunifikia, na jibu langu la kwanza huwa moja: kwa picha hiyo sitaweza kusema lolote la kutegemewa. Ndugu wengine hudhani nakwepa. Leo naeleza kwa kirefu kwa nini, kwa sababu nikieleza hilo nitakuwa nimeeleza pia namna picha ya kichwa inavyosomwa, na familia inaweza kudai nini pale hospitalini.

Kipimo chenyewe kilikotoka

Zamani ubongo wa mtu aliye hai haukuonekana kwa eksirei. Fuvu lilionekana vizuri, lakini nyama laini ya ndani ilipitwa na mionzi bila kuacha alama. Njia mojawapo ya madaktari ilikuwa kutoa maji ya uti wa mgongo, kuingiza hewa mahali pake ipande hadi kichwani, kisha kupiga eksirei na kukisia uvimbe uko wapi kwa kuangalia hewa ilivyosukumwa. Mgonjwa aliumwa kichwa vibaya na kutapika.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, jijini London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo alikuwa mgonjwa wa kwanza kupigwa CT. Mashine aliibuni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, na daktari aliyeshirikiana naye ni James Ambrose. Kila kipande kilichukua karibu dakika 5, na picha iliyotoka ilikuwa na viraba 80 kwa 80 tu. Uvimbe ulionekana. Hesabu za jambo hilo alikuwa ameshazifanyia kazi, bila wao wawili kujuana, mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria mwaka 1956 alipokuwa akihudumia idara ya mionzi ya hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Kwetu mashine hizi zilikaa kwa miaka mingi kwenye hospitali kubwa za mijini. Mgonjwa wa Ufipa aliyehitaji kipimo alipewa rufaa, na kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takribani shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilinunua CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Hayo ni mapinduzi makubwa. Ila mashine inapiga tu, kusoma ni kazi ya mtu, na madaktari bingwa wa radiolojia bado ni wachache nchini. Usiku wa manane mara nyingi anayeiona picha kwanza ni daktari wa kawaida wa zamu. Huyo ndiye anayehitaji mpangilio kuliko mtu mwingine yeyote.

Weusi na weupe

Kila nukta ya picha ya CT ni namba, na kipimo chake kimepewa jina la Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni hasi 1000. Mafuta yako karibu na hasi 100. Sehemu nyeupe ya ubongo ni kati ya 20 na 30, sehemu ya kijivu ni kama 35 hadi 45, damu mbichi iliyoganda ni 50 hadi 80, na mfupa unapita mamia hadi 1000 na zaidi.

Tazama tofauti hizo. Kati ya sehemu mbili za ubongo kuna pointi 10 au 15 tu, ndani ya kipimo chenye maelfu. Jicho haliwezi kuzitenganisha zote kwa pamoja, kwa hiyo msomaji huiambia kompyuta imwonyeshe eneo dogo la namba kwa wakati mmoja. Akitafuta ubongo, huweka 0 hadi 80: kilicho chini ya 0 kinakuwa cheusi kabisa, kilicho juu ya 80 kinakuwa cheupe kabisa. Hapo ubongo unaonekana vizuri, lakini damu nyembamba ya pointi 70 iliyolala kando ya fuvu inakaribia weupe wa mfupa na kupotea machoni. Ndiyo sababu anapanua eneo mara ya pili ili damu ya pembeni ijitenge na mfupa, na mara ya tatu anaweka eneo la mfupa, pana sana, ili aone nyufa za fuvu.

Filamu ya dirishani ina mpangilio mmoja tu wa weusi na weupe, uliochaguliwa na mtu mwingine. Simu nayo inaongeza mwanga wake. Vipande vyenyewe vimepunguzwa, na hakuna namna ya kupanda na kushuka kutoka kipande kimoja hadi kingine. Kuisoma filamu hiyo ukiwa Manchester au Toronto na kusema "hakuna shida" ni kumhatarisha ndugu yako.

Kwa nini mpangilio

Jicho likipata kitu kikubwa hutulia. Hili limechunguzwa kwa miongo mingi katika radiolojia: msomaji akishaona kasoro ya kwanza, uwezekano wa kuiona ya pili unapungua, hata kama ya pili ingeonekana kirahisi ingekuwa peke yake. Chukua kijana aliyeanguka na bodaboda kwenye barabara ya Matai. Upande wa kulia fuvu limepasuka na ngozi imevimba, mtu yeyote anaona. Daktari aliyechoka anaandika "fuvu limevunjika" na kumgeukia mgonjwa mwingine. Lakini ubongo ulipotikiswa ulijigonga upande wa pili, na huko kushoto kuna damu nyembamba inayozidi kukua. Kilichomponza kijana huyo si ujinga wa daktari. Ufa ulionekana mapema mno, ukafunga safari ya macho.

Dawa yake ni kupita njia ileile kila mara, hata pale jibu linapoonekana limeshapatikana. Wapo wanaoanzia nje, kwenye ngozi, wakaingia ndani. Kwenye idara za dharura wengi hufundishwa mambo matano kwa zamu: damu, visima vya maji, ubongo, ventrikali, mifupa. Ipi uichague si hoja, mradi usiibadilishe.

Kabla ya yote, jina. Ufipa majina yanafanana sana. Jina, umri, tarehe, upande wa kulia na kushoto, na kama dawa ya kontrasti imechomwa au la. Picha huangaliwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako.

Hatua tano

*Damu.* Damu mbichi ni nyeupe, na umbo lake linasema imekaa wapi. Iliyo kati ya fuvu na utando mgumu unaofunika ubongo huvimba kama lenzi na haivuki maungio ya mifupa ya fuvu. Mara nyingi mshipa wa ateri umekatika, na mgonjwa anaweza kuongea vizuri kwa muda kisha akazimia. Iliyo chini ya utando huo hujipinda kama mwezi mchanga na huvuka maungio.

Hii ya pili inawahusu sana wazee wetu. Mzee ameteleza shambani, akajigonga kidogo, akainuka. Wiki kadhaa baadaye anaanza kusahau, anakokota mguu mmoja, anasinzia mchana. Nyumbani wanasema ni uzee, au wanaanza kumtafuta mchawi. Damu ya chini ya utando hubadilika rangi: siku za kwanza ni nyeupe, kati ya wiki ya kwanza na ya tatu inafanana na ubongo, baadaye inakuwa nyeusi kuliko ubongo. Kipindi hicho cha katikati ndicho cha hatari kwa msomaji, kwa sababu hakuna weupe wa kumshtua. Anaokolewa na mpangilio: analinganisha kulia na kushoto, anaona mikunjo ya ubongo ya upande mmoja imesukumwa mbali na fuvu. Na habari njema ni kwamba wazee wengi wa aina hii hutolewa damu hiyo kwa kutobolewa tundu dogo kwenye fuvu, wakarudi kuwatambua wajukuu wao.

*Visima.* Chini ya ubongo kuna maeneo ya maji yanayozunguka shina lake. Kimoja, juu kidogo ya tezi ya pituitari, kina umbo la nyota na hutakiwa kuwa cheusi. Kikiwa cheupe, kuna damu iliyomwagika kwenye maji ya ubongo. Kikiwa kimefinywa hadi hakionekani, ubongo umevimba na unashuka, na hapo saa zinahesabika.

*Ubongo.* Pande mbili zifanane. Mstari wa katikati uwe katikati. Ukisogea zaidi ya milimita 5, daktari wa upasuaji wa ubongo aitwe. Kisha mpaka kati ya sehemu ya kijivu na nyeupe ufuatwe polepole, kwa sababu kufutika kwake ni dalili ya mapema ya kiharusi cha mshipa kuziba. Hapa familia ijue jambo moja: saa za mwanzo za kiharusi hicho CT inaweza kuwa safi kabisa. Inapigwa hata hivyo ili kuhakikisha hakuna damu, maana dawa ya kuyeyusha donge ikipewa mtu anayevuja damu inaweza kumuua. Presha iliyoachwa bila dawa hupasua mishipa ya ndani kabisa, kwenye thalamasi na jirani zake, kwenye shina la ubongo, na kwenye ubongo mdogo wa nyuma.

*Ventrikali.* Hivi ni vyumba vya maji vya ndani. Je, vimepanuka kuliko kawaida? Vimebanwa? Kuna damu iliyotulia kwenye pembe za nyuma?

*Mifupa.* Sasa ndipo zamu ya ufa, pamoja na matundu ya macho, sainasi, masikio na ngozi ya kichwa. Hewa ndani ya fuvu ni nukta nyeusi tii, na maana yake kuna mlango uliofunguka kati ya ubongo na nje.

Nukta ambazo Ufipa haipaswi kuzipita

Kwetu nguruwe anafugwa, na mahali pengi anazurura. Tegu wa nguruwe ni sababu kubwa ya kifafa kinachoweza kuzuilika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Wilayani Mbozi, njiani kwenda Mbeya, tafiti zimemkuta kwa watu na kwa nguruwe. Kaskazini, wilayani Mbulu, wagonjwa wa kifafa wa hospitali ya Haydom walipopigwa CT, baadhi yao walikutwa na alama zake.

Mtu anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva anaweza kupata tegu tumboni. Vifuko vya mnyoo huyo vinavyokaa ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu, kwa mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuugua, akiishi karibu na mwenye tegu.

Kwenye picha, kifuko kilicho hai ni duara jeusi lenye nukta ndani, ambayo ni kichwa cha mnyoo. Kikishakufa na kukauka kinabaki nukta nyeupe ndogo, mara nyingi pale sehemu ya kijivu na nyeupe zinapokutana. Msomaji makini anajua pia chokaa isiyo na madhara inakokaa: tezi ya pineali katikati, na ndani ya ventrikali pande zote mbili. Nukta iliyo nje ya maeneo hayo, kwa kijana mwenye kifafa kutoka kijiji chenye nguruwe, isiandikwe "kawaida". Tofauti kati ya kifuko hai na nukta iliyokauka ndiyo inayoamua kama dawa ya minyoo itatolewa au la. Dawa hiyo ikitolewa kiholela kwa mwenye vifuko vingi hai inaweza kuuvimbisha ubongo.

Cha kudai hospitalini

Kwanza, omba picha kamili kwenye CD au flashi, siyo filamu pekee. Hizo ndizo anazoweza kuzifungua daktari wa Mbeya, wa Muhimbili au wa ughaibuni na kuzipitia zote.

Pili, omba ripoti iliyoandikwa, na isome uone kama inataja hata yale ambayo hayakuonekana. Ripoti yenye mstari mmoja, "kuna ufa", haikuambii kama mengine yaliangaliwa. Ripoti nzuri husema hakuna damu, visima viko wazi, mstari wa katikati haujasogea, ventrikali ni za kawaida, kisha ndipo inautaja ufa.

Tatu, kama ripoti ni fupi, muulize daktari kwa heshima maswali yaleyale matano: Daktari, damu je? Visima vya maji je? Ubongo pande zote mbili je? Ventrikali je? Mifupa je? Kama mgonjwa ana kifafa, ongeza la sita: kuna nukta zozote za tegu?

Na sisi tunaochanga fedha kwenye vikundi vya WhatsApp vya wana-Ufipa, tusiishie kuchangia nauli za rufaa. Tuchangie pia vyoo na mabanda ya nguruwe, na ada ya kijana wa kwetu anayetaka kusomea radiolojia au uteknolojia mionzi. Mikoani mashine zimeanza kufika. Anayehitajika sasa ni mtu aliyefundishwa kuzipitia picha hatua kwa hatua, hata saa tisa usiku, hata jibu linapoonekana limeshapatikana.