Safari ya Mnyama wa Udh-hiya Kuvuka Bahari

Wanafunzi wetu na wazazi, kila inapokaribia Idd el-Hajj tunaona malori yakitoka hapa Singida yamejaa ng'ombe na mbuzi. Mengi huelekea Dar es Salaam, kwenye mnada wa Pugu. Tusidhani kwamba safari inaishia hapo. Baadhi ya wanyama wa bara huvushwa kwa vyombo vya baharini hadi Unguja na Pemba, na wengine hufika Komoro.

Linalotugusa ni hili. Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa mnyama mwenye chongo iliyo dhahiri, mgonjwa, kiguru au aliyekonda mno hafai kwa udh-hiya. Basi ng'ombe aliyetoka kwetu mzima akavunjika mguu chomboni, mwenye nia ya kuchinja hamnunui tena kwa ibada hiyo, na mchuuzi amekula hasara. Kwa hiyo kuchagua njia na wakati wa kuvuka si kazi ya nahodha peke yake.

Sisi wa Singida tunayo maziwa ya Singida na Kindai, lakini mambo ya bahari twayajua kwa kusimuliwa. Mtu hudhani njia bora ni ile iliyonyooka. Tuchukue Tanga hadi Wete, Pemba, kama kilomita 70. Chombo kikienda kilomita 9 kwa saa, kitachukua karibu saa 8. Lakini katika mkondo wa Pemba maji husukuma kuelekea kaskazini. Tuseme yanasukuma kilomita 4 kwa saa: kwa saa 8 chombo kimepelekwa kilomita 32 pembeni! Ndiyo maana nahodha hulenga kusini ya pale anapokwenda. Akikosea, wanyama hukaa juani bila maji kwa saa nyingi zaidi, na ng'ombe mkubwa siku ya joto huhitaji lita 30 au zaidi.

Kisha kuna pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili. Idd nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Januari 2006 iliangukia majira ya kaskazi. Juni 2024 iliangukia kusi. Kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kusi husukuma tanga kwa nyuma, ila bahari huchafuka. Mzoefu wa msimu mmoja hawezi kutegemea hesabu zake za zamani.

Hata hivyo njia nzuri haiokoi chombo kilichozidishwa. Juni 2022, bandarini Suakin, Sudan, meli ya Al Badri 1 iliyokuwa ikienda Saudi Arabia ilizama na kondoo zaidi ya 15,000, ilhali uwezo wake ulitajwa kuwa 9,000. Haikuwa imefika hata bahari kuu. Wanyama wakisogea upande mmoja, uzito wote huhamia huko na chombo hulala. Kwa hiyo wavushaji makini huwagawa kwa vizuizi, huwafunga kamba fupi isiyowakaba, na huwanywesha kabla ya kupakia.