Betri imechoka, au kuna kinachoinyonya?

Sote tulio ughaibuni tunalijua ombi hili kutoka nyumbani: "Ukija, niletee betri ya kompyuta." Kabla ya kutoa fedha, tunashauri betri ipimwe kwanza, kwani mara nyingine kosa si lake.

Wenye Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, au matoleo yaliyofuata hawahitaji kununua programu yoyote. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Humo linganisha ujazo ambao betri ilitoka nao kiwandani na ule inaoubeba sasa. Tuseme ilianza na 50,000 na leo inafikia 20,000, yaani asilimia 40: hiyo imezeeka, na hakuna programu itakayoifufua.

Tofauti ikiwa ndogo, basi tumsake mlaji. Amri ya powercfg /energy huichunguza kompyuta kwa sekunde 60 na kuorodhesha vinavyoinyima mapumziko. Kwa Linux ipo PowerTOP, iliyotolewa na Intel mwaka 2007, inayoonyesha programu zinazoiamsha prosesa kila mara. Prosesa isiyolala hula umeme hata mwenyewe akiwa amekwenda kunywa chai. Zifunge programu hizo, na upunguze mwangaza wa skrini.

Umeme ukikatika, nusu saa ya ziada yamtosha mwandishi kutuma habari yake. Na betri ikithibitika imekufa, msafiri aibebe mpya kwenye mkoba wa mkononi: betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mizigo inayopakiwa tumboni mwa ndege.