Tukipewa Ushindi Sisi, Je, Tutahesabu kwa Haki?

Katika miji yetu ya Butembo na Beni mchezo wa ngumi una majaji wengi kuliko mabondia. Vijana wanaojua kupigana ulingoni ni wachache, lakini wanaojua kuwahukumu waliopigana ni wengi mno. Wenye maduka, waendesha pikipiki, wanafunzi wa sekondari, hata baba wa jamaa wenye heshima zao, wote hukata hukumu. Shindano likimalizika kwa mmoja kuanguka, hakuna neno. Likimalizika kwa alama, hapo ndipo mashauri yanapoanza, na mara nyingine marafiki huachana kwa hasira.

Wazee wetu wanakumbuka tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipompiga George Foreman mjini Kinshasa. Foreman alianguka katika raundi ya 8, na karatasi za majaji hazikuhitajika tena. Dunia nzima iliona. Lakini si kila shindano linatoa jibu wazi namna hiyo. Leo twataka kuzungumza juu ya shindano lingine la bingwa wa nchi yetu, ambalo mpaka sasa watu hawajapatana juu yake.

Shindano lenyewe

Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, alipata mkanda wa ubingwa wa dunia wa chama cha WBC tarehe 31 Januari 2020, mjini Kinshasa, alipomshinda Michał Cieślak wa Polandi kwa alama. Miaka miwili baadaye, Jumamosi tarehe 29 Januari 2022, aliutetea mkanda huo mjini Warren, katika jimbo la Ohio, Marekani. Mpinzani wake alikuwa Thabiso Mchunu wa Afrika ya Kusini. Huko ulikuwa usiku. Kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili, saa ambayo Wakristu wengi hujitayarisha kwenda Misa.

Wawili hao walikuwa wanajuana. Mwaka 2015, mjini Durban, Makabu alimwangusha Mchunu katika raundi ya 11. Wote wawili hupigana kwa mkono wa kushoto, lakini tabia zao ulingoni si moja. Makabu ni mtu wa kusonga mbele, akitafuta pigo zito la kumaliza kazi. Mchunu ni mtu wa kungoja, kukwepa na kujibu. Safari hii hakuna aliyeangushwa. Raundi zote 12 zilikwisha, na majaji watatu wakatoa hesabu zao: wa kwanza alimpa Makabu alama 115 kwa 113, wa pili alimpa Mchunu 115 kwa 113, wa tatu alimpa Makabu 116 kwa 112. Makabu akabaki bingwa, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema, “Mkongomani wetu ameshinda, mambo yamekwisha.” Wengine walijibu, “Hapana, yaya, Mchunu ameibiwa mchana kweupe.” Nani alisema kweli? Kabla ya kujibu, hatuna budi kujua alama hizo zinatoka wapi, maana wengi wanaobishana hawajapata kuzihesabu.

Namna ya kuhesabu

Majaji hawangoji mwisho ndipo waulizane nani amewapendeza. Kila raundi ya dakika tatu huhukumiwa peke yake, kama somo moja katika mtihani. Anayeshinda raundi hupewa alama 10, na anayeshindwa 9. Aliyeangushwa mara moja kwa kawaida hupewa 8. Majaji huangalia mambo manne: mapigo safi yaliyofika, mashambulizi yenye faida, si kukimbilia mbele ovyo, akili ya kuutawala ulingo, na ustadi wa kujikinga.

Basi tufanye hesabu. Mtu akishinda raundi 7, anapata alama 70. Katika raundi 5 alizoshindwa anapata 45. Jumla ni 115. Mwenzake ana 50 na 63, yaani 113. Kumbe jaji wa kwanza alimwona Makabu ameshinda raundi 7 kwa 5. Wa pili alimwona Mchunu ameshinda 7 kwa 5. Wa tatu alimwona Makabu ameshinda 8 kwa 4. Kati ya jaji wa kwanza na wa pili tofauti ni raundi mbili tu, yaani dakika sita katika shindano la dakika thelathini na sita. Kama jaji wa kwanza angaliigeuza raundi moja, karatasi yake ingalikuwa 114 kwa 114, shindano lote lingalikuwa sare, na Makabu angalibaki na mkanda wake. Kama angaligeuza mbili, Mchunu angalikuwa bingwa wa dunia.

Tena kuna jambo ambalo washabiki husahau. Raundi iliyoshindwa kwa unywele na raundi iliyoshindwa kwa kipigo kikubwa, zote ni 10 kwa 9, ikiwa hakuna aliyeanguka. Kwa hiyo mtu anaweza kuonekana amepiga zaidi usiku mzima, kumbe mwenzake amezikusanya raundi ndogondogo kama mjane akusanyavyo masazo ya mavuno. Kadhalika, twasikia watu wakisema kwamba bingwa hanyang’anywi mkanda asipopigwa sana. Neno hilo limezoeleka, lakini sheria hailijui. Hakuna alama ya ziada kwa mwenye mkanda. Kila raundi wote wawili huanza sawa.

Kisha tufikiri juu ya mahali pa majaji. Watatu hao huketi pande tatu tofauti za ulingo. Pigo ambalo mmoja ameliona limefika taya, mwingine ameona mgongo tu wa mpigaji. Sisi nasi huona kile alichochagua mpiga picha, huku mtangazaji akitujaza masikio kwa maoni yake. Ndiyo sababu watu wawili waaminifu wanaweza kuandika hesabu mbili, na asiwepo mwongo kati yao.

Dhana si ushahidi

Lakini waliomtetea Mchunu walikuwa na neno lingine. Mwezi wa Novemba 2021 chama cha WBC kilikuwa kimekubali kwamba Canelo Álvarez, bondia mashuhuri wa Meksiko, apigane na Makabu. Shindano hilo lingalileta fedha nyingi. Basi watu wakasema: ilikuwa lazima Makabu ashinde, ili biashara isiharibike.

Dhana hiyo inaeleweka. Lakini dhana si ushahidi. Na kwa kweli Canelo hakupigana na Makabu. Mwezi wa Mei 2022 alikwenda kupambana na Dmitry Bivol, naye akashindwa. Amri ya nane ya Mungu inatukataza kumshuhudia mtu uongo, na katekisimu yatufundisha kwamba ni dhambi pia kumwamini mtu kuwa mwovu bila msingi wa kutosha. Kusema “jaji amekosea” ni maoni. Kusema “jaji amekula rushwa” ni shtaka, na shtaka lataka ushahidi. Mahali petu hapa, ambapo uvumi wa saa moja umekwisha kumwaga damu ya wasio na kosa, tofauti hiyo si jambo dogo.

Lakini pia tusifikiri kwamba majaji hawaonei kamwe. Katika michezo ya Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, Roy Jones wa Marekani alipigana na Park Si-hun wa Korea ya Kusini kugombea medali ya dhahabu. Waliohesabu mapigo yaliyofika walimpa Jones 86, na Park 32. Hata hivyo majaji watatu kati ya watano walimpa ushindi Park, mbele ya watu wa nchi yake. Ulimwengu ulishangaa, na baadaye namna ya kuhesabu ngumi za Olimpiki ikabadilishwa.

Jirani zetu wa Kenya nao wana kumbukumbu yao. Philip Waruinge alishindwa katika nusu fainali ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, na aliyemshinda alikuwa Antonio Roldán, mwana wa nchi ileile. Ajabu ni kwamba michezo hiyo ilipokwisha, Waruinge ndiye aliyepewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote. Mwaka 1970 alishinda medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Mwaka 1972, huko Munich, alifika fainali ya Olimpiki, akashindwa tena kwa watatu dhidi ya wawili. Mara mbili kalamu ya mtu mmoja ilimtenga na ushindi.

Mizani yetu sisi

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Sisi wa Butembo na Beni si wageni wa uchungu wa hesabu. Mkulima wa kakao wa Beni na mkulima wa kahawa wa milima yetu wote wanajua mizani inayosoma kilo pungufu. Tena nchi nzima inakumbuka uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Siku chache kabla, ilitangazwa kwamba watu wa Beni, wa Butembo, na wa Yumbi huko magharibi, watapiga kura mwezi wa Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kabla ya kura zetu. Wengi wa Beni walijipanga katika safu siku ile ya Desemba, wakajitengenezea vituo vyao, wakapiga kura ambazo hakuna aliyezihesabu. Walitaka tu kuonyesha kwamba nao ni watu.

Sasa basi, watu waliokwisha kuonja uchungu huo, je, wanaruhusiwa kusema, “Mambo yamekwisha,” kwa kuwa safari hii hesabu imempendelea mtu wao? Hatusemi kwamba Makabu aliiba. Alipigana kiume raundi 12, wala hakuandika karatasi ile yeye mwenyewe. Mkanda huo hata hanao tena, kwani tarehe 26 Februari 2023, huko Diriyah, Saudia, Badou Jack alimshinda katika raundi ya mwisho. Tunasema hivi: kulia “wizi” tunaposhindwa ni rahisi, hata mtoto mdogo anaweza. Haki hupimwa siku tunapopewa sisi. Mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwanawe, mnunuzi ambaye mizani yake imekosea kwa faida yake, baba anayeamua ugomvi kati ya mtoto wake na wa jirani, hao wote wako katika ulingo huo.

Turudi Seoul kidogo. Park Si-hun hakuwa ameiba kitu, maana majaji ndio waliompa. Hata hivyo, mwezi wa Mei 2023, miaka karibu 35 baada ya siku ile, alisafiri mpaka nyumbani kwa Roy Jones huko Marekani, akamkabidhi medali ya dhahabu. Hakuna mahakama iliyomlazimisha. Tukisoma habari za Zakayo katika Injili twafahamu furaha ya mtu arudishaye. Mbele ya Jones tuliona mfano wake.

Basi, vijana wetu, tunawapa kazi. Likija shindano lingine, chukueni karatasi na kalamu. Chora mistari 12. Kila kengele ikilia, andika 10 na 9 kabla ya kumsikiliza mtangazaji au jirani, wala usifute. Mwishoni jumlisha, hata kama jumla inamkataa umpendaye. Kisha linganisheni karatasi zenu kwa upole, raundi kwa raundi: “Hii ya tano wewe uliona nini?” Mtagundua kwamba mara nyingi hamkosani juu ya shindano zima, ila juu ya raundi mbili au tatu tu. Na pesa za kamari ziacheni, kwa sababu aliyeweka fedha zake juu ya mtu ana jicho moja tu la kutazamia.

Juu ya Makabu na Mchunu hatutawakatia hukumu. Shindano hilo litazameni wenyewe kwa karatasi yenu. Ila mkiona kwamba Mchunu alishinda, semeni hivyo bila kuona haya, ijapokuwa yule mwingine ni ndugu yetu. Mungu, ambaye mizani yake haikosi kamwe, atujalie moyo wa kuhesabu sawasawa ya kwetu na ya wenzetu.