KUGEUZA INCHI KUWA VIPIMO VYENGINE

Ndugu wanafunzi, mbao huuzwa kwa inchi na futi, na kitambaa kwa wari au kwa mita. Asiyejua kuvigeuza vipimo hivi hukata mbao fupi, au hupunjwa dukani. Kwa hivyo tumeona tulieleze jambo hili kwa ufupi.

Wazee wetu wa pwani walipima kwa mikono. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Kwa kukadiria, shibiri ni inchi 9 na dhiraa ni inchi 18. Tunasema kwa kukadiria, kwani mikono ya watu haiko sawa. Ama inchi haibadiliki. Mwaka 1959 Uingereza, Marekani na nchi nyengine nne zilikubaliana kuwa inchi 1 ni sentimita 2.54 kamili.

Yakumbukeni haya:

Inchi 12 = futi 1 = sm 30.48
Futi 3 = wari 1 = sm 91.44
Mita 1 = inchi 39.37 (takriban)

Kanuni ni nyepesi. Ukitoka kwenye inchi kwenda sentimita, zidisha kwa 2.54. Ukirudi, gawanya kwa 2.54.

Mfano wa 1: Ubao wa inchi 48.
48 × 2.54 = sm 121.92

Mfano wa 2: Ubao wa sm 180.
180 ÷ 2.54 = inchi 70.87 (takriban)

Hapa wengi hukosea. Ukigawanya 70.87 kwa 12 unapata futi 5.9. Hiyo si futi 5 na inchi 9! Ile 0.9 ni sehemu ya futi, na futi ina inchi 12. Toa futi 5, yaani inchi 60. Zinabaki inchi 10.87. Jawabu ni futi 5 na karibu inchi 11.

Sasa twende dukani. Mteja amelipia mita 10 za kitambaa, muuzaji akampimia wari 10. Amepungukiwa na sm 85.6, karibu wari nzima! Nyote mmesoma Suratul Mutaffifin na mnajua onyo lake kwa wanaopunja vipimo. Basi muuzaji na ajue hesabu hii, na mnunuzi naye aijue, ili kila mtu apate haki yake.

Zoezi: Mlango una urefu wa futi 6 na inchi 8. Ni sentimita ngapi? (Jawabu: sm 203.2)